Kumzeesha Baba

Watu wanaokuja kumwona baba siku hizi hunishika mkono mlangoni na kunipa pole. Uzee hauna huruma, wanasema, juzi tu tulimwona anakimbia na leo anainuliwa kama mtoto. Mimi naitikia asanteni, nawasogezea viti, nawapa chai. Lakini pole zao zimenichosha. Uzee wa baba yangu haukuja wenyewe. Nimeuleta mimi, kwa mikono hii hii inayowashonea watoto wao sare za shule, na anayetaka kunihukumu akae kwanza asikilize.

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha unga. Kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza. Alikuwa na bisibisi ndefu ambayo ncha yake aliiweka juu ya mashine inayozunguka, mpini akaubana sikioni, akafumba macho, kisha akasema beringi ya pili imeanza kulalamika, ibadilisheni kabla haijaleta msiba. Alikuwa hakosei. Nyumbani alitufundisha mambo ya mashine kama baba wengine wanavyofundisha dini. Mashine haifi kwa kazi, alikuwa akituambia, inakufa kwa kusimama. Ukitaka kuiua usijisumbue kuipiga nyundo. Izime tu uiache, kutu itamaliza iliyobaki.

Alipokaribia kustaafu aliwaona wenzake wakienda mmoja mmoja. Mtu anaagwa kwa soda na keki, anapewa saa ya ukutani, anakwenda kukaa kibarazani kwake, na mwaka haujaisha tunabeba jeneza lake. Baba alirudi kutoka mazishi ya namna hiyo akiwa na hasira badala ya huzuni. Wamezimwa, alisema. Yeye hakukubali kuzimwa.

Hapo ndipo mateso yetu yalipoanza, na mwanzoni yalikuwa mateso matamu. Aliamka kabla ya jogoo, akanywa maji ya vuguvugu yenye ndimu, akavaa raba zake nyeupe na kutoka uani kujinyoosha. Alivuta pumzi mpaka tumboni, akaishikilia, akaiachia polepole kama anayepuliza mkaa usiotaka kushika moto. Alitafuna kitunguu saumu kibichi hadi wajukuu wakakataa kumkumbatia. Sukari aliifukuza nyumbani kama mwizi. Wazee wa rika lake husemwa wamekula chumvi nyingi, naye alijibu kwamba ndiyo maana wanakufa, yeye chumvi anaionja kwa ncha ya kidole. Jioni alikaa mkekani macho amefumba, akakishukuru kila kiungo kuanzia ukucha hadi utosi. Mwili, akili na roho ni mafiga matatu, alisema. Toa moja uone chungu kitakavyomwagika.

Na ilimfaa, nisimsingizie. Katika umri ambao wengine wanahesabu meno yaliyobaki, mgongo wake ulikuwa umenyooka na mapaja yake magumu kama ya mpanda baiskeli. Mtaa mzima ukamwita Kijana. Wazee wakaanza kuja uani kwetu asubuhi: Fundi Saa, rafiki yake wa miaka mingi mwenye kibanda cha kutengeneza saa pale njia panda, pamoja na mjane anayeuza mkaa na kinyozi mmoja mstaafu asiyeweza kuinama bila kutoa mlio. Baba aliwapigia filimbi, juu, chini, pumua, geuka, nao wakacheka kama watoto wa chekechea. Mtu akimtania kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi, alimwambia njoo tukimbizane tuone nani atatoa moshi.

Mama peke yake hakujiunga. Mama ni mnene, magoti yake yana ugomvi wa siku nyingi na ngazi, na chai isiyo na sukari kwake ni maji ya kuoshea vikombe. Sukari yake aliificha kwenye kopo la majani ya chai, na baba alijifanya hajui. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akitazama. "Kijana wangu," alimwita, "usije ukanizidi ujana mpaka ukaniona bibi yako." Baba hakumlazimisha. Jioni alipasha mafuta ya ufuta akamkanda yale magoti taratibu, huku wakisengenya majirani.

Nyumba yetu ina ujinga wake, na ujinga huo ndio uliotuponza. Kwetu mgonjwa ni mtu aliyelala. Aliyesimama ni mzima, na anayeruka kamba ni mzima mara mbili. Basi baba tulimpima kwa mazoezi yake, na kwenye mazoezi hakupungukiwa na kitu.

Kila Jumamosi alikuwa akiitia mafuta cherehani yangu, tone kila tundu. Jumamosi moja niliikuta imekwama, gurudumu haliendi, tundu zote zinanata. Alikuwa ameitia asali. Nilipomuuliza akasema ni ili nayo isizeeke. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikawasimulia wateja, nikaifungua cherehani na kuiosha kwa mafuta ya taa mchana kutwa. Wiki iliyofuata akamuuliza Fundi Saa jina lake nani, na Fundi Saa akadhani ni utani. Akavaa shati juu ya koti. Asubuhi moja akamwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba kwa madaha ya bibi kizee, na sote tukaangua kicheko mezani. Kisha akatoka uani, akapiga filimbi, na mazoezi yakaenda sawasawa, hatua kwa hatua, bila kukosea hata moja.

Siku aliyopotea tulimtafuta mochwari na kituo cha polisi. Alipatikana kwenye lango la kinu, kinu ambacho kilifungwa zamani na sasa ni ghala la mabati. Alikuwa amekwenda kwa miguu mwendo ambao mimi ningetafuta gari. Mlinzi aliniambia hakuwa hata anahema. Alisema tu kwamba amekuja zamu.

Daktari alimpima kila kitu. Akamuuliza maswali mepesi, leo siku gani, huyu ni nani, na baba akamtazama mama aliyeolewa naye akiwa binti, akasema ni mama mmoja mwenye heshima zake. Daktari akatuita pembeni. Alituambia kwa upole kwamba ni maradhi ya ubongo, kwamba kumbukumbu zitaendelea kuliwa, na kwamba dawa ya kuyaponya haipo, ila vipo vidonge vya kumtuliza akianza fujo. Kisha akatabasamu kidogo, kama mtu anayetafuta zawadi ya kutupa tusiondoke mikono mitupu.

"Lakini mwili wake ni wa ajabu," alisema. "Moyo wake ni wa kijana. Huyu anaweza kuishi miaka mingi sana."

Nilimtazama mama, ambaye ngazi za hospitali alikuwa amezipanda kwa kushikilia ukuta, nikaanza kuihesabu hiyo miaka.

Vidonge mama alivitupa kwenye pipa la taka hapo hapo nje ya hospitali. Nilimfokea, Mungu anisamehe, mbele za watu. Akaniambia baba alimwapisha siku ile alipomzika kaka yake, mtu aliyekufa baada ya miaka ya kupigwa dawa za usingizi, akijikojolea na kucheka ukuta. "Nimemwapia hatameza kidonge cha kumlaza akili," mama alisema. "Mimi si mwanamke wa kuapa halafu nikageuka."

Basi tukaishi naye. Komeo la mlango wa mbele aliling'oa kwa mkono. Dirisha nililolipigilia mbao alilifungua kwa kijiko, kwa ustadi, maana vidole vilikuwa bado vya fundi. Mimi nilikuwa nikishona sikio likiwa nje, na nyumba ikinyamaza ghafla nilitupa kitambaa na kukimbia. Wale wazee wa uani waliacha kuja mmoja mmoja. Mjane wa mkaa alisema magoti yamemsumbua, kinyozi akasema ana wageni. Fundi Saa alivumilia mpaka siku baba alipomshika ukosi akidai amemwibia saa, naye akaaga huku analia. Filimbi haikuacha kulia. Alibaki mama, na baba akaanza kumpigia yeye.

Alimwinua kitandani alfajiri. Alimwambia yeye ndiye anayechelewesha wenzake. Mama alijitahidi, akanyanyua mikono, akazunguka uani na nguo yake ya kulalia huku anacheka ili mimi nisije nikaona vibaya. Mpaka siku alipoteleza kwenye simenti yenye maji, na baba, badala ya kumwachia, akamvuta juu kwa nguvu zake zote ili amalize zoezi. Kifundo cha mkono kikavunjika. Kwa mganga wa mifupa mama alisema ameanguka bafuni. Mkono ulipona umepinda, na hadi leo hawezi kuugeuza kiganja kikatazama juu.

Nilimpigia simu mdogo wangu. Yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu, na kwake baba ni picha anazotumiwa kwenye simu. Akaniambia, "Dada, unatia chumvi. Watu wanalilia wazazi wao wawe hivyo." Alipokuja, baba alimtoa jasho kwa pushapu hapo sebuleni, akamshinda, na mwanamume akanitazama kwa ushindi kana kwamba ndiye aliyeshinda. Nyumba njema si mlango, nikamwambia, ingia ulale humu ndani ndipo uje unihubirie. Akalala. Alfajiri baba alimkuta mwanamume asiyemjua kwenye mkeka wake, na mdogo wangu akaamka na mdomo umepasuka. Alikunywa chai kwa upande mmoja wa mdomo. Mchana ule ule tukaanza kutafuta mahali pa kumpeleka.

Tulifika kwenye nyumba moja ya kutunza wazee, safi, yenye bustani na vitanda vilivyotandikwa. Mkuu wa pale, mama mmoja mpole, alimtazama baba akipanda ngazi mbili mbili, kisha akatutazama sisi. Alisema wao wana wahudumu wachache na wazee wasiojiweza. Huyu anajiweza mno. Akituumizia mtu, alisema, nitajibu nini? Alitushauri tujaribu tena baadaye, atakapopungua nguvu. Nilicheka pale ofisini mpaka mdogo wangu akaona haya. Nchi nzima inatafuta dawa ya kuongeza nguvu, na sisi tulikuwa tumefungiwa mlango kwa kuwa nazo.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa ameshajua tulikotoka. Hakutupigia kelele. Alituketisha akatuambia kitu ambacho hatukuwahi kukijua. Sisi tulidhani baba alikuwa anajipenda, anaogopa kifo kama watu wote. Kumbe mama ndiye aliyekuwa na moyo mbovu tangu alipomzaa mdogo wangu, na siku baba aliposikia hivyo aliahidi kwamba hatamwachia mtu mwingine kazi ya kumtunza, si sisi, si wake za wanawe, si mtumishi wa kukodi. Atakuwa na nguvu mpaka siku ya mwisho ya mama, ndipo na yeye apumzike. Kila ndimu, kila kitunguu saumu, kila mbio ya alfajiri ilikuwa kwa ajili hiyo. "Hatoki humu," mama alisema, "na mimi sitoki. Mkitaka kututenganisha ngojeni mmoja afe." Mdogo wangu akalia. Kesho yake akarudi kwenye lori lake, kwa kuwa machozi hayabebi shehena.

Kilichonifanya niamue kilitokea mwanzoni mwa mvua. Nilikuwa nimepitiwa na usingizi juu ya cherehani, nina sare za darasa zima za kumaliza. Nilishtuka kumekucha na nyumba kimya. Mama hakuwemo chumbani. Nilimkuta nje ya geti, kwenye mtaro, amelowa, hawezi kuita kwa sauti kwa sababu mbavu zake mbili zilikuwa zimevunjika. Baba alikuwa amesimama ndani ya geti, amelifunga, amekunja mikono. Alikuwa amembeba mama mgongoni kama gunia la unga, uzito wake wote ule, akamtoa na kumtua barabarani. Alinieleza kwa adabu, kama raia mwema anayetoa taarifa.

"Huyu mama nimemkuta kitandani kwangu," alisema. "Mimi nina mke. Mke wangu akirudi akimkuta atafikiri nini?"

Mama alikaa hospitali, na siku alizokuwa huko kifua kilimjaa maji na moyo wake ukaanza kusuasua. Daktari mwingine, si yule wa kwanza, aliniambia waziwazi kwamba mwili huu hautastahimili anguko lingine. Mama naye aliniambia waziwazi kwamba akitoka pale anarudi kwa mumewe. Nilikaa pembeni ya kitanda chake nikashika tama. Kumtoa baba haiwezekani, kumtoa mama haiwezekani, kumpa vidonge haiwezekani. Kumfunga kamba nilikujaribu mara moja na mikono yangu ikakataa. Kilichobaki ni zile nguvu. Nikamkumbuka fundi wa kinu na somo lake kuhusu namna ya kuiua mashine, nikajua la kufanya. Nililia sana siku ile, kisha nikafuta uso na kwenda kununua sukari.

Zile raba nyeupe nilizichoma moto nyuma ya bafu. Filimbi niliitupa chooni. Sebuleni niliondoa viti vya mbao nikaleta kochi kuukuu la sponji laini, lile ambalo ukikaa linakumeza mpaka kiunoni. Baba alipoamka alfajiri na kutafuta viatu nilikuwa nimeshaamka kabla yake, nimevaa koti langu la kazi.

"Kinu kimesimama leo," nilimwambia. "Kuna kipuri kinasubiriwa. Bosi amesema fundi asiondoke, akae hapa hapa angoje."

Baba alilitazama koti langu. Alikuwa mtu wa kazi, amri ya zamu aliiheshimu kuliko usingizi wake. Akakaa.

Kila siku nilimwambia hivyo hivyo, na kila siku ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia. Akijaribu kuinuka nilimkumbusha kipuri. Nilimwekea televisheni, mpira, sinema, matangazo, chochote kinachotikisika. Nilimpa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, mkate mweupe wenye siagi, viazi vya kukaanga. Mwanzoni aliitema ile chai na kunitazama kama nimemtukana. Nilingoja, nikampa tena. Ulimi nao husahau. Baadaye akawa anagonga kikombe kwa kidole akidai kingine.

Sitaki mtu aniambie kwamba sikujua ninachofanya. Nilijua vizuri kuliko ninavyojua kupiga pindo. Mtu aliyejijenga kwa miaka mingi hubomoka upesi ajabu, na mimi nilikuwa nikimtazama. Mapaja yalilegea kwanza. Tumbo likaja, laini, la mtu mwingine. Nyayo zikavimba mpaka kandambili zikamwachia alama. Mgongo uliokuwa umenyooka kama rula ukafuata umbo la kochi, na hata alipoinuliwa kwenda bafuni ulibaki hivyo hivyo. Nilipokuwa nikimwogesha nilihesabu ushindi wangu kwa sabuni, nikitafuta misuli na kutoikuta. Usiku nililala usingizi mzito, na hilo ndilo linalonitisha zaidi ya yote.

Mama alirudi kutoka hospitali akamkuta ameshaanza kushuka. Hakuuliza. Alikaa pembeni yake kwenye lile kochi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa salama pembeni ya mumewe. Baba akimsukuma, msukumo haukufika. Akimshika mkono, mama aliweza kuutoa. Mbavu zikaunga, rangi ikarudi usoni, akaanza tena kusengenya majirani, ingawa sasa alisengenya peke yake. Mdogo wangu alipoona picha mpya alinipigia simu akilia, akiuliza mzee kapatwa na nini. Nikamwambia umri.

Fundi Saa alikuja siku moja na kikapu cha machungwa. Alimtazama rafiki yake, akatazama kikombe, akatazama kochi. Ni mtu anayefungua vitu vidogo na kuona kilichokwama ndani, nadhani aliona. Alisema tu kwamba mambo ya nyumba ya mtu yanajulikana na mwenye nyumba. Machungwa akayaacha mezani na hajarudi tena.

Mama naye, nilidhani nimemficha. Alasiri moja nilikuwa jikoni nakoroga chai ya baba. Akaja kwa mwendo wake wa kuburuza miguu, akasimama nyuma yangu mpaka kijiko cha tatu. Nilisikia anavyopumua. Nikangoja laana, na ningeipokea, maana nilikuwa nimechoka kuibeba siri ile peke yangu kama punda.

"Lete nitie mimi," alisema. "Mimi ndiye mkewe."

Akachukua kijiko kwa mkono wake uliopinda, akatia, akakoroga, akampelekea. Tangu siku hiyo ni yeye anayetia. Hatujalizungumza tena, na sidhani kama tutalizungumza. Kama ni dhambi, ameigawa katikati kama mkate, na fungu langu limekuwa dogo ingawa sikumwomba.

Yaliyotokea juzi ndiyo yaliyonifanya niseme haya. Ilikuwa asubuhi, mimi nakata vitambaa mezani, mama anamenya viazi. Baba akajaribu kuinuka kutoka kwenye kochi. Hakuna aliyemwambia kitu. Miguu ilikataa, akaserereka taratibu mpaka sakafuni, akabaki ameketi pale kama mtoto aliyewekwa chini. Tulimkimbilia. Mama akamshika kwapa la kulia, mimi la kushoto, tukavuta, hakuinuka. Tukapumzika, tukavuta tena. Wanawake wawili tunahema kama tunaosukuma gari.

Alikuwa anatazama miguu yake. Aliligusa paja, akalibonyeza, akaliachia, akalibonyeza tena. Kisha akanigeukia, na macho yalikuwa yake. Sijui kueleza zaidi ya hivyo. Muda mrefu yalikuwa ni macho tu, asubuhi ile yalikuwa macho ya baba yangu.

"Mwanangu," aliniita. "Mimi nimezeeka lini?"

Nilitaka kusema zamani, baba, umezeeka kama watu wote. Ulimi haukukubali. "Juzi juzi tu, baba," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtoka bila uso kukunjamana, kama jasho. Akasema alikuwa amemwahidi mtu kitu, na sasa hawezi tena. Akanishika mkono, mshiko wake mwepesi hata nikautazama ili nihakikishe amenishika.

"Mama yako akirudi," alisema, "mwambie anisamehe. Mwambie nilijitahidi. Nilitaka nimtunze mimi mwenyewe mpaka mwisho, lakini nguvu zimeniishia kabla yake."

Mama alikuwa amepiga magoti upande wake wa pili, yale magoti yake mabovu, amemkumbatia kwapani kwa mkono uliopinda, shavu lake karibu linagusa lake. Baba akamgeukia kwa heshima, kama mtu anavyomgeukia mgeni aliyemsaidia njiani, akamwomba radhi kwa usumbufu, akamuuliza kama na yeye anamfahamu mke wake.

"Namfahamu," mama alisema. "Nitamwambia."